Kwa Mkono wa Kulia

Ukerewe, 14 Julai 2024

Queen, mke mwenzangu,

Marahaba. Najua umeshaniamkia huko uliko, kwa hiyo naitikia kabla, tusipoteze karatasi. Sisi tupo. Baba yako mdogo Pius amevuna mihogo, nusu imeoza, iliyobaki inatosha. Mama yako mdogo Evelina hajambo, anagombana na kuku. Machungwa mwaka huu ni madogo kama ndimu na hayana aibu, yanakwenda sokoni hivyo hivyo.

Anayeandika ni mzee Projest, yule aliyekuwa karani wa pamba. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe. Anasema nasema haraka. Na hilo aliandike.

Umeuliza kwa nini tangu Pasaka Mama Maige anakuletea dagaa bila barua. Ni hivi. Jumatatu ya Pasaka nilikuwa naosha sufuria, sufuria likanitoka mkononi. Nikainama kuliokota, nikaanguka juu yake. Mdomo ukaenda pembeni. Zahanati wakasema kiharusi, presha imepanda, wakanipeleka Nansio nikalala siku tisa. Vidonge nameza. Mdomo umerudi, poleni majirani. Mguu nauburuta, lakini nikiutuma unafika. Mkono wa kulia ndio umelala.

Pius alitaka kukutumia ujumbe wa simu. Nikamkataza. Simu yake inaazimwa na kitongoji kizima, ningekuwa mgonjwa wa kila mtu kabla sijawa mgonjwa wako.

Projest anauliza kwa nini nalilia mkono wakati mguu nao ni mbovu. Nimemwambia: huyu mtoto hasikii tangu ana miaka minne. Shule ya viziwi alikwenda ana tisa. Miaka mitano hiyo katikati, maneno yote ya nyumba hii nilimpa kwa mkono huu. Chumvi. Nyoka. Njoo ule. Baba yako hatarudi, alizama ziwani. Hakuna aliyetufundisha, tulitengeneza wenyewe, na hakuna mwingine duniani anayeijua lugha hiyo isipokuwa wewe na mimi. Sasa mkono wenyewe umelala pajani kwangu kama paka wa jirani.

Usije. Nimeshasema. Una kazi huko, ifanye.

Jina lako hili la Queen alilokupa mama yako sijawahi kulitamka likakaa sawa. Nashukuru hunisikii tena.

Mimi bibi yako Wilhelmina. Projest ndiye amenishika dole gumba akalichovya kwenye wino, lenyewe halikwenda.


Ilemela, Mwanza, 2 Agosti 2024

Bibi, shikamoo. Na mzee Projest, shikamoo, pole kwa kuandika haraka.

Mimi ni mzima. Bado napanga kile chumba kilicho juu ya mawe. Ndege zikipita kwenda uwanjani nazijua kwa miguu, sakafu inatetemeka kwanza, halafu vikombe. Mama mwenye nyumba anakusalimu, dagaa wako amewasifia mpaka akasahau kunirudishia bakuli.

Miezi mitatu, bibi. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama karakana, nikakaa chini kwenye maboksi. Nimekukasirikia. Nikimaliza kukasirika nitakuambia.

Kazi ninayoifanya sijawahi kukueleza vizuri, kwa hiyo nisikilize. Kituo chetu kinapokea watoto ambao miili yao haikai yenyewe, na wazee waliopata kiharusi. Mimi ni fundi. Nachukua maboksi makavu, nayapaka uji wa ngano, nabandika tabaka kwa tabaka, nayaanika, yanakuwa magumu kama mbao. Nayakata viti, kila mtoto na kipimo chake. Wiki iliyopita mtoto wa miaka sita alikaa wima kwa mara ya kwanza, akamtazama mama yake usoni. Amezoea kumwona kutoka chini, amelala. Mama akatoka nje akakaa huko kwa muda.

Anayenielekeza ni dada Angela, mtaalamu wa mazoezi tiba. Nimemweleza habari zako. Anasema mkono uliolala una msimu wake, kama shamba. Miezi ya mwanzo ndiyo ya kulima. Wewe uko mwezi wa tano. Kwa hiyo njoo Mwanza, kaa kwangu, kituo ni mwendo wa dakika kumi hata kwa mguu wa kuburuta. Kama huji, nijibu haya: kifundo cha mkono kinainuka hata kidogo? Vidole vinasogea? Nani anakulisha?

Jambo jingine. Mama wa yule mtoto aliniuliza kwa karatasi, ulizaliwa hivi? Nikaandika, hapana, nilipata homa. Akaandika, kwenu hospitali ilikuwa mbali? Nikamrudishia karatasi tupu. Nakumbuka kubebwa mgongoni, nakumbuka harufu ya dagaa, basi. Ilikuwaje, bibi?

Mjukuu wako, na mke mwenzako usiyetaka nije,
Queen


Ukerewe, 25 Agosti 2024

Queen,

Marahaba, marahaba, na ya mama mwenye nyumba nimeipokea. Bakuli lidai kwake mwenyewe, mimi sina. Mvua bado. Mbuzi wa Pius amezaa mapacha, mmoja mweusi mmoja hana rangi inayoeleweka.

Mwanza siji. Nikafanye nini juu ya mawe? Huku nikianguka naangukia mchanga.

Maswali yako nimeyapata. Kifundo kinainuka kidogo nikikikaripia. Vidole viwili vinasogea, vitatu vimekufa ganzi. Anayenilisha ni Evelina. Ananiosha, ananifunga kanga, ananishikia kikombe. Juzi nilijaribu kushika kijiko mwenyewe, akakichukua huku anapiga magoti. Akasema, mama, unataka watu waseme nini? Na ana haki. Hapa mama mkwe mgonjwa akionekana anamenya muhogo, wanaohukumiwa si mikono yake, ni mkwe wake. Watasema anangoja nife arithi jiko. Jiko lenyewe la mafiga matatu.

Najua utasema, sema kwa mkono wa kushoto. Mzee Projest naye kasema, nikamtazama akainamia karatasi. Kwa kushoto hatupokei kitu, hatumsalimii mtu, hatumpi mtoto chakula. Mimi nikusemeshe wewe kwa kushoto? Ni kama kukutupia maneno mlangoni. Sijakulea hivyo.

Na hilo jingine uliloniuliza. Nimelisikia, nimemwambia Projest alisome mara mbili. Silisemi kwa barua. Si kwamba Projest ni mtu mbaya, lakini anaimba kwaya, na kwaya ina mazoezi mara tatu kwa wiki. Ameandika sentensi hii kwa shida.

Hilo ni la kwako, Queen. Linakungoja miaka ishirini. Litatoka kwa mkono wangu wa kulia, wewe ukiwa mbele yangu, au nitaondoka nalo. Basi usije kabla mkono haujaweza, maana utaniangalia, nitakuangalia, na nitakuwa bubu. Wewe hujawahi kuniona bubu.

Wilhelmina


Ilemela, 11 Septemba 2024

Bibi, shikamoo.

Salamu kwa baba mdogo na kwa mapacha wa mbuzi. Hapa tumepata wazee wapya watatu wa kiharusi, mmoja anatoka Kisesa, amekuja na binti yake anayemjibia kila swali. Dada Angela amemwomba binti akatusaidie kukunja maboksi nje. Mzee akabaki peke yake na kikombe. Akakinywea.

Nimemsomea Angela barua yako kwa alama, yote, hata ya mafiga. Amesema kama kifundo kinainuka na vidole viwili vinasogea, shamba bado lina rutuba. Sikiliza sasa, na mzee Projest asome polepole.

Kila siku asubuhi, baada ya vidonge, mkono wa kushoto ufungwe kiunoni kwa kanga. Saa moja wiki ya kwanza, halafu mbili, halafu tatu, usizidishe. Usikazwe, damu ipite. Muda wote huo mkono wa kulia ufanye kazi peke yake, kazi za kwenu, si za kubuni: kuchambua dagaa, kuokota maharage, kufuta meza, kunawa uso. Kijiko ukishike mwenyewe. Kikianguka, kianguke. Bega likiuma, simama. Kichwa kikigonga, fungua na uende zahanati wapime presha. Kwenye kutembea au karibu na moto, kanga ifunguliwe kwanza.

Mama Maige atakupa banzi nililolitengeneza kwa bomba la maji la plastiki. Nilikata, nikalipasha moto likalainika, nikalifinyanga kwenye mkono wa mama mwenye nyumba, maana mna unene mmoja. Hilo ni la kulalia, vidole visijikunje usiku. Lisipokutosha niambie linabana wapi.

Haya mengine ni ya mama mdogo Evelina. Mama mdogo, shikamoo. Najua watakusema. Lakini kila kijiko unachompelekea bibi mdomoni unamnyang'anya mkono. Nakuomba umnyime. Kaa karibu, kunja mikono yako, umtazame akimwaga. Ni kazi ngumu kuliko kumlisha. Naijua, naifanya kila siku na watoto wa watu.

Bibi, sitauliza tena lile. Nangoja.

Queen


Ukerewe, 19 Oktoba 2024

Mke mwenzangu,

Marahaba. Tumepata mvua siku mbili, watu wamekimbilia mashambani kama wameitwa. Banzi limenitosha ila kidole cha mwisho kinabanwa. Mwambie mama mwenye nyumba apunguze kula au aongeze, sijui ni lipi.

Sasa tulia nikusimulie ulichotufanyia.

Evelina alisomewa barua yako, akalia, akanifunga kanga huku analia, akakaa pembeni kakunja mikono kama ulivyosema. Wiki ya kwanza tulijificha ndani. Nilimwaga uji, nilimwaga maharage, nilijichoma jicho kwa kidole nikinawa. Wiki ya pili nikasema nyumba ina giza, dagaa siwaoni. Tukatoka uani. Basi jirani yetu, mke wa Shimba, akapita kuazima kinu. Akaniona nimefungwa mkono kiunoni, nachambua dagaa kwa huu mbovu, mmoja mmoja, na Evelina kakaa. Kinu hakukiazima tena.

Saa kumi mwenyekiti wa kitongoji, Mashimba, akafika na wazee wawili na daftari.

Akamwambia Evelina, "Mama, tumepata taarifa kwamba umemfunga mama mkwe wako."

Evelina akasema, "Ndiyo, nimemfunga." Unamjua, hajui kudanganya, ni kilema chake.

"Tangu lini?"

"Leo tangu saa tatu. Lakini nilimfungua saa tano, nikamfunga tena kidogo kwa sababu aliomba."

"Na anafanya kazi?"

"Anafanya. Jana alipepeta."

Mzee mmoja akavua kofia kama yuko msibani. Nikasema, "Mashimba, acha daftari, njoo hapa. Shika fundo hili. Limekaza?" Akasema halijakaza. "Ningetaka kulifungua ningeshindwa?" Akasema hapana. "Mama yako alipopooza mlimlaza miaka mitatu mkimlisha kwa kijiko. Mkwe wake alisifiwa mpaka kanisani. Yule mama alikuwa na mikono ya kusuka mikeka. Mlimheshimu mpaka akakauka. Mimi heshima hiyo mkampe mwingine. Huyu mkwe wangu ninayemwona hapa ndiye ananipenda, kwa sababu ana nguvu za kukaa."

Mashimba alikaa juu ya ndoo akaniangalia. Nilichukua dagaa mmoja, akaanguka. Nikamchukua tena, akaanguka. Mara ya tatu akaingia kwenye ungo. Wale wazee wakasema "ehe" kwa pamoja kama wameona mpira. Walikaa mpaka jua linapungua, na Mashimba alipoondoka akauliza kama na goti linafungwa. Nikamwambia amuulize Queen.

Tangu siku hiyo Evelina akienda kisimani anasalimiwa vizuri. Si na wote. Mke wa Shimba bado anapita mbali.

Maneno yanarudi. Peke yangu, nikiwa uani, nayajaribu. "Njoo" ninaweza. "Maji" ninaweza. "Mjinga" ninaweza sana, Projest nimeshamwambia mara mbili na hajui. Lile la kwako bado. Lina neno moja ndani yake ambalo vidole vinagoma.

Na wewe nikuulize. Mama Maige anasema jana mchana alikuona Nansio, karibu na gati, umekaa na begi. Nikamwambia ameona mtu mwingine, Queen yuko Mwanza. Ameona mtu mwingine?

Wilhelmina


Ilemela, 30 Novemba 2024

Bibi, shikamoo.

Nimechelewa kukujibu kwa wiki sita. Ningeweza kusema ni kazi, na kazi kweli ipo. Mwenyekiti Mashimba nimemwandikia kuhusu goti, dada Angela anataka aje apimwe, asilifunge na kitu.

Mama Maige hakuona mtu mwingine.

Niliomba ruhusa siku tatu. Nikapanda meli, nikashuka Nansio, nikanunua sukari na mafuta yako ya kupaka. Nikaenda mpaka pale bodaboda zinapongoja. Kijana wa bodaboda akanionyesha kwa mkono, twende? Hapo nikakumbuka umesema nitakuona bubu. Nikajiuliza, je, nikifika ukaangalia pembeni? Sijawahi kuangaliwa pembeni na wewe. Wengine wote wamenifanyia, nimezoea, nikisemeshwa nisielewe wanageuza uso kwa mwenye masikio. Wewe ulikuwa unanishika kidevu unanirudisha. Nikakaa pale karibu na gati mpaka meli ya kurudi. Sukari nilimpa mwanamke aliyekaa jirani yangu. Mafuta ninayo.

Nikuambie kitu. Mjini nina marafiki, tunazungumza kwa lugha ya alama mpaka vidole vinachoka, wanacheka, ninacheka. Ile lugha ina kila kitu. Lakini juzi nilikuwa na homa, nikataka kusema ninavyojisikia, mkono wangu ukasema kwa namna yetu, ile ya kijivu-cha-ndani ambayo mimi na wewe tu tunaijua, na chumbani hakukuwa na mtu wa kuiona. Nikairudia ukutani. Nikaona kivuli chake.

Naogopa siku moja nitakuwa mimi peke yangu ninayeijua.

Krismasi kituo kinafungwa wiki mbili. Nitafanya utakalosema.

Queen


Ukerewe, 12 Desemba 2024

Queen,

Njoo.

Nimeifanya ile ya kijivu-cha-ndani mbele ya Evelina, akauliza kama tumbo linauma. Hawajui kitu hawa.

Nilikosea kukukataza. Projest aliandike hilo kwa herufi kubwa na alipigie mstari. Njoo baada ya sikukuu, wageni wakishaondoka. Mkono hauko tayari. Njoo hivyo hivyo, mafuta uje nayo.

Wilhelmina


Ukerewe, 14 Januari 2025

Mjukuu wangu,

Umeondoka siku ya kumi na mbili leo, na salamu naanza mimi, kwa sababu mwenye deni la maneno ndiye anayebisha hodi. Hujambo? Ulifika? Mama Maige anasema ulifika, ulipanda kile kilima chenu bila kugeuka nyuma. Sisi ni wazima. Mbuzi asiye na rangi amepotea siku moja akarudi.

Projest yuko hapa na kalamu. Sasa anaweza kuandika yote. Nilisema la kwako utalijua wewe kwanza, na umelijua. Baada yako, kwaya ikitaka iimbe.

Nataka liwe kwenye karatasi, usije siku moja ukadhani mkono mbovu ulikuonyesha vibaya.

Ulikuja tarehe ishirini na nane. Siku nne tulizungumza vya kawaida, wewe ukicheka ninavyosema polepole, ukasema nimekuwa na lafudhi. Siku ya tano tukakaa mawe ya chini, kule watu wanakoanika, mchana, hakuna mtu. Nikakushika kidevu. Nikaanza.

Nilikuambia: ulikuwa na miaka minne. Baba yako alikuwa ameshakufa, mama yako ameshaolewa Geita. Ilikuwa ni giza la mwezi, karabai zilikuwa zimejaa ziwani, na dagaa walitoka kama hawajawahi. Wanawake wote tulikuwa ufukweni. Nilikuwa nimeanika mchanga mzima, na wingu lilikuwa linakaa upande wa Sengerema. Wewe ukaanza homa. Shingo ikawa ngumu. Mtumbwi wa kwenda Nansio ulikuwepo. Mwenye mtumbwi akaniambia, mama, mpandishe mtoto. Nikatazama dagaa, nikatazama wingu, nikasema kesho.

Neno hilo ndilo vidole vilikuwa vinaligomea miezi yote. Unalijua lilivyo, unalaza kiganja shavuni halafu unakifungua nje kama mlango. Shavuni kilikwenda. Kufunguka hakikufunguka. Ukanyoosha mkono wako kunisaidia vidole, nikakupiga. Nisamehe kwa kukupiga. Neno lile lilikuwa langu, ilikuwa haifai mwingine alifungue.

Nililisema mara tatu, kwa sababu nilikukawiza siku tatu. Siku ya kwanza kesho, dagaa hawajakauka. Siku ya pili kesho, mvua imewanyeshea nusu, nikageuze wengine. Siku ya tatu kesho, mtoto anaonekana ametulia. Ulikuwa umetulia kwa sababu ulikuwa unakwenda. Siku ya nne nikakubeba mgongoni. Hospitali walisema homa ya uti wa mgongo, mama, ulikuwa wapi? Nikasema mwenye mtumbwi hakuwepo. Nimemsingizia mtu yule mpaka kafa. Uliporudi nyumbani niliangusha sufuria nyuma yako, hukugeuka.

Hayo ndiyo. Labda ningekupeleka siku ya kwanza ungekuwa hivyo hivyo. Yule daktari hakuniambia, na mimi sikuuliza.

Ulipomaliza kuniona nikisema, ulisimama, ukaenda ukaanua nguo kwenye kamba, zote, hata zilizokuwa mbichi. Kesho yake ulinipima tena mkono kwa ajili ya banzi jipya, kidole kwa kidole, ukaandika namba, na mikono yako haikuniambia neno. Evelina ulimuaga. Mimi uliniinamia shikamoo, nikaitikia, ukapanda bodaboda.

Sikudai chochote. Nilikuwa nimekuandalia karanga, zimebaki hapa. Nikikaa uani nageuka kila pikipiki inapopita, mimi ninayesikia. Sijui wewe ulivyokuwa mdogo ulikuwa unageukia nini.

Bibi yako,
Wilhelmina. Dole gumba limekwenda lenyewe. Limechafua karatasi, angalia.


Ilemela, 9 Februari 2025

Bibi, shikamoo.

Mimi ni mzima. Kituo kimefunguliwa, tuna viti kumi na kimoja vya kutengeneza kabla ya mwisho wa mwezi. Mwenyekiti Mashimba alikuja na goti lake, dada Angela kampa mazoezi, ameniletea karanga zako. Msalimie mama mdogo, baba mdogo, na mzee Projest.

Karatasi imechafuka, nimeiona.

Kwenye meli nilikaa karibu na injini, ninapenda inavyotetemesha kifua, inazuia mtu kufikiri. Haikuzuia. Nilikasirika, bibi. Bado. Wiki ya kwanza nilimkasirikia hata mtu yeyote anayeuza dagaa, nikapita upande wa pili wa barabara. Kuna siku nilisema sitakuandikia tena. Nikakata boksi, nikalikata vibaya, nikalitupa.

Sina neno la kukupa sasa. Ulinipa lako kwa kulitafuta miezi mingi, na mimi nipe muda wangu.

Lakini kuna jambo ninalolijua kazini, na kazi ninaijua. Ile kesho ya kwanza vidole vilifunguka viwili. Ya pili, vitatu. Ya tatu kilibaki kimoja tu, kile cha mwisho. Nilikuwa nakuangalia kwa hasira na huku nahesabu, sikuweza kuacha. Banzi jipya limekipa nafasi kidole hicho, analo Mama Maige. Livae kila usiku.

Ninakuja Pasaka, siku kumi. Nitakuuliza nani alikuwa ufukweni siku hizo. Nitakuuliza kama nililia, na nilikuwa nasema nini, maana wakati huo nilikuwa bado nasema kwa mdomo na sikumbuki sauti yangu. Wewe ndiye uliyeisikia. Sijui mtu mwingine wa kumuuliza.

Maswali ni mengi na majibu yake ni marefu. Kwa hiyo kanga ifungwe kila asubuhi, bibi, hata Jumapili, na Evelina asikuonee huruma.

Queen